Kompyuta Yako Inasubiri Nini?

Kiamaiko, wadi ya eneo bunge la Mathare mashariki mwa Nairobi, inajulikana jijini kote kwa mbuzi wake. Wanyama huletwa kwa malori kutoka kaskazini mwa Kenya, huchinjwa papo hapo, na nyama husambazwa kwenye bucha za Eastlands na kwingineko. Kisichozungumziwa sana ni kazi nyingine inayofanyika chini ya maghorofa yale yale: kazi ya cyber. Huko ndiko mkazi anakoomba cheti cha maadili mema kupitia eCitizen, kijana aliyemaliza kidato cha nne anakochagua kozi kupitia KUCCPS na kuomba mkopo wa HELB, na mwenye PIN ya KRA anakojaza ritani yake kabla ya tarehe 30 Juni. Mashine zinazobeba kazi hiyo kwa kawaida ni kuukuu: kompyuta zilizotumika miaka kadhaa katika ofisi za Ulaya, zikauzwa kwa wingi, zikafika madukani Nairobi kwa jina la ex-UK. Zinapoanza kukokota miguu, mwenye cyber husikia ushauri wa kila aina, na mmojawapo ni huu: ingia kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine), washa Hyper-Threading, prosesa yako ya viini viwili itakuwa ya viini vinne. Ushauri huo unastahili kupimwa kwa makini, kwa sababu anayeupokea hana pesa za kubahatisha. Msimamo wa sura hii ni kwamba Hyper-Threading iachwe ikiwa imewashwa, ila isitarajiwe kufufua kompyuta iliyochoka, kwa maana inatibu aina moja tu ya kusubiri, nayo si ile inayozisumbua mashine nyingi za zamani.

Tuanze na jinsi inavyofanya kazi. Ndani ya kila kiini cha prosesa mna sehemu kadhaa za utendaji: za kujumlisha na kulinganisha, za hesabu za desimali, za kuleta data na za kuihifadhi. Mfululizo mmoja wa amri, unaoitwa uzi, ni nadra kuzitumia sehemu zote kwa pamoja; mara nyingi uzi unasimama ukingoja data kutoka kwenye memori, na sehemu nyingi zinakaa bure. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani, Dean Tullsen, Susan Eggers na Henry Levy, walichapisha pendekezo la kukifanya kiini kimoja kipokee amri za nyuzi kadhaa kwa wakati mmoja, ili nafasi zilizo wazi zijazwe. Intel ilipoliingiza wazo hilo kwenye bidhaa zake mwaka 2002 iliipa teknolojia hiyo jina la Hyper-Threading. Chukua gogo la kukatia nyama katika bucha ya Kiamaiko: mkataji mmoja, shoka moja, wateja wawili. Wa kwanza akisita kati ya mbavu na mguu, mkataji anamhudumia wa pili badala ya kusimama tu. Jioni atakuwa ameuza zaidi, ingawa hakuongeza mkono. Lakini wateja wote wawili wakijua wanachotaka, itabidi wapokezane shoka lile lile, na kila mmoja atakawia kuliko kama angekuja peke yake. Na lori la mbuzi likikwama njiani, idadi ya wateja waliosimama mbele ya gogo haibadilishi kitu.

Hali hizo tatu zinatosha kueleza karibu kila kipimo kilichowahi kufanywa kuhusu teknolojia hii. Wahandisi wa Intel waliandika mwaka 2002 kwamba kuongeza uwezo huo kulihitaji chini ya asilimia 5 ya ukubwa wa chipu, na kwamba katika seva zao za majaribio kazi za miamala zilipata nafuu ya asilimia 21, huku kazi za seva za wavuti zikipata kati ya asilimia 16 na 28. Kwa mtengenezaji huo ni ununuzi mzuri mno. Ila tuzisome namba hizo kwa utulivu. Kwanza, zilitolewa na kampuni iliyokuwa ikiuza bidhaa yenyewe. Pili, zilipatikana kwenye kazi za seva, ambako maombi mengi madogo huja kwa mpigo mmoja na kila ombi husimama mara kwa mara kungoja memori. Hiyo ndiyo hali inayoifaa teknolojia hii kuliko zote. Tatu, hata katika hali hiyo bora hakuna aliyedai kuongezeka maradufu. Anayemwambia mwenye cyber kwamba viini viwili vitakuwa vinne anamwahidi asilimia 100, ilhali waliobuni kifaa chenyewe waliahidi takriban robo ya hiyo, tena kwa kazi walizozichagua.

Historia iliyofuata inaunga mkono tahadhari hii. Hyper-Threading iliingia kwenye kompyuta za mezani Novemba 2002, pamoja na Pentium 4 ya 3.06 GHz. Prosesa hiyo ilikuwa na kumbukumbu ndogo ya ndani ya KB 8 tu kwa ajili ya data, na nyuzi mbili zililazimika kugawana hizo KB 8. Kila uzi ulipoingiza data yake, uliweza kuifukuza ya mwenzake. Windows 2000 nayo haikuweza kutofautisha prosesa halisi na ile ya kimantiki, hivyo kwenye mashine yenye prosesa mbili halisi ingeweza kuzirundika kazi mbili nzito kwenye prosesa moja huku nyingine ikiwa tupu. Windows XP ndiyo iliyokuja na ufahamu huo. Matokeo yalikuwa mchanganyiko: programu nyingine ziliongeza kasi, nyingine zikapungua. Intel ilipotoa Core 2 mwaka 2006 iliiacha kabisa Hyper-Threading, na bado Core 2 Duo iliishinda Pentium 4 kwa mbali, kwa sababu ilikuwa na viini viwili halisi na muundo uliofanya kazi zaidi kwa kila pigo la saa. Kwenye prosesa kuu za mezani teknolojia ilirudi Novemba 2008 na Core i7 za kwanza, safari hii ikiwa na kumbukumbu kubwa zaidi za ndani na njia pana zaidi ya kufikia memori. Kisha mwaka 2024 Intel ikaiondoa tena kwenye prosesa zake mpya za kompyuta za mapajani na za mezani, ikiweka viini vidogo vingi mahali pa nyuzi za pili. Kitu ambacho mwenyewe hukiweka, hukiondoa, hukirudisha na kukiondoa tena ni nyenzo yenye mahali pake. Kwenye mashine isiyo na kazi ya aina yake, hakina cha kuongeza.

Sasa tuzitazame mashine zenyewe, kwa sababu hapa ndipo mnunuzi wa Eastlands anapoumia. Nembo ya Core i5 iliyobandikwa kwenye kompyuta ya mezani na ile iliyobandikwa kwenye kompyuta ya mapajani hazimaanishi kitu kimoja. Core i5-2400, i5-3470 au i5-4570, zinazopatikana kwenye mashine za mezani za ofisi, zina viini vinne halisi na hazina Hyper-Threading. Core i5-4300U au i5-5300U, zinazopatikana kwenye laptopu za ofisi za miaka ile ile, zina viini viwili tu, na Hyper-Threading ndiyo inayofanya vionekane vinne. Core i3 nyingi za mezani pia ni viini viwili vyenye nyuzi nne. Core 2 Duo haina Hyper-Threading kabisa, hivyo hata ukiitafuta kwenye BIOS usiku kucha hutaipata. Ukifungua Task Manager ya Windows 10 na kubofya ukurasa wa utendaji, chini ya mchoro wa prosesa kuna mistari miwili midogo: mmoja unataja idadi ya viini, wa pili unataja idadi ya prosesa za kimantiki. Muuzaji atakuonyesha mstari wa pili. Wewe soma wa kwanza. Mashine inayosema viini 4 na prosesa za kimantiki 4 itafanya kazi nyingi za pamoja vizuri kuliko ya kizazi hicho hicho inayosema viini 2 na prosesa za kimantiki 4, hata kama kibandiko cha nje ni kile kile.

Ukurasa huo huo una mtego mwingine. Kwenye prosesa ya viini viwili na nyuzi nne, kazi moja nzito yenye uzi mmoja huonyesha matumizi ya asilimia 25, na kazi mbili za namna hiyo huonyesha asilimia 50. Mtu akitazama namba hiyo huamini kwamba nusu ya nguvu ya mashine bado imelala. Sivyo. Viini vyote viwili tayari vimeshikwa, na kilichosalia ni zile nafasi ndogo ndani yake ambazo nyuzi za pili zinaweza kuzijaza, yaani labda sehemu ya tano au robo ya kazi zaidi. Ndiyo maana mashine inaweza kuanza kusuasua huku kipimo kikisema bado iko nusu. Namba hiyo inahesabu nyuzi, haihesabu nguvu.

Hoja kuu ya sura hii inasimama juu ya tofauti ya nyakati. Prosesa ya 3 GHz hupiga mapigo bilioni 3 kwa sekunde. Ikikosa data kwenye kumbukumbu yake ya ndani na kulazimika kwenda kwenye RAM, yaani memori kuu, husubiri takribani mapigo 200 hadi 300. Pengo hilo ni fupi mno kwa mfumo endeshi kuliwahi kwa kubadilisha kazi, na ndilo Hyper-Threading iliundwa kuliziba. Sasa tazama diski ngumu ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika. Mzunguko mmoja unachukua milisekunde 11, hivyo kwa wastani diski husubiri milisekunde 5 na nusu ili data ipite chini ya kichwa cha kusomea, mbali na muda wa kuusogeza mkono wake hadi mahali panapotakiwa. Jumla inafika kama milisekunde 15 kwa kila kipande cha data kilichotawanyika. Katika muda huo prosesa imepiga mapigo karibu milioni 45. Pengo la ukubwa huo halihitaji uzi wa pili ndani ya kiini: mfumo endeshi umekuwa ukiligawia kazi nyingine tangu zamani, kabla Hyper-Threading haijazaliwa. Na pale ambapo kazi nyingine hiyo nayo inahitaji diski ile ile, zote zitapanga foleni. Mashine inayochukua dakika kadhaa kuwaka na ambayo taa yake ya diski haizimiki haina upungufu wa nyuzi. Inasubiri sahani izunguke. SSD ya kawaida, diski isiyo na sahani ya kuzunguka, hujibu kwa takribani sehemu ya kumi ya milisekunde, yaani haraka mara 100 na zaidi kuliko hiyo diski, na hakuna kitufe chochote cha BIOS kinachokaribia tofauti hiyo.

RAM ni ndugu wa tatizo hilo. Microsoft iliweka GB 2 kuwa kiwango cha chini kabisa cha Windows 10 ya biti 64, na mashine nyingi za ex-UK huuzwa zikiwa na GB 4. Mteja akifungua kivinjari chenye kurasa sita, faili ya PDF na Word, memori inajaa, na Windows inaanza kuhamishia kurasa za memori kwenye diski ili kupata nafasi. Kuanzia hapo kila mguso wa kipanya unaweza kugeuka kuwa safari ya diski, kwa bei ile ya milisekunde 15. Kuongeza nyuzi katika hali hii hakuleti unafuu wowote. Kunaweza hata kuzidisha msongamano, kwa kuwa programu nyingine huanzisha kazi sambamba kulingana na idadi ya prosesa zinazoonekana, na kila kazi hudai memori yake. Kipande cha pili cha RAM kinaondoa chanzo chenyewe.

Kuna pia kazi zinazogonga mwamba wa aina nyingine: haziwezi kugawanywa. Mfano ulio karibu na wakazi wa Kiamaiko ni fomu ya Excel ya ritani za kodi. Kwa miaka mingi mfumo wa iTax umetumia faili za Excel zenye makro: unajaza, unabofya kitufe cha kuhakiki, makro zinakagua kila seli, kisha zinatengeneza faili la kupakia. Makro za Excel huendeshwa kwa uzi mmoja tu. Mashine iwe na prosesa za kimantiki mbili, nne au nane, uhakiki utashika moja na kuziacha nyingine. Kitakachouharakisha ni kasi ya kiini kimoja, na hiyo Hyper-Threading haiiongezi hata kidogo. Inaweza kuipunguza iwapo uzi wa pili wa kiini hicho umepewa kazi nyingine kwa wakati huo. Mwenye cyber anayehangaika wiki ya mwisho ya Juni asitarajie nafuu kutoka upande huo.

Mtu atauliza, na ana haki ya kuuliza: SSD na RAM zinanunuliwa, Hyper-Threading ni bure, kwa nini kumvunja moyo asiye na pesa? Jibu ni kwamba hakuna anayemkataza. Kama BIOS ina kipengele hicho na kimezimwa, na kwenye kompyuta iliyotoka ofisini huenda fundi wa huko alikizima kwa sababu za usalama, kiwashwe. Kwenye HP bonyeza F10 mashine inapowaka, kwenye Dell F2, kwenye ThinkPad F1. Kinachopingwa hapa ni imani kwamba baada ya hapo tatizo limekwisha. Imani hiyo ina gharama: huahirisha matengenezo ya kweli, na huwafanya wanunuzi walipe zaidi kwa kitu kisichowasaidia. Core i5-2400 na Core i7-2600 zote zilitoka Januari 2011 na zote zina viini vinne. I7 inazidi kwa Hyper-Threading, kumbukumbu ya ndani ya MB 8 dhidi ya 6, na kasi ya 3.4 GHz dhidi ya 3.1. Kwa cyber inayochapisha barua na kujaza fomu, i5 hiyo yenye SSD itaiacha nyuma i7 yenye diski ya kuzunguka, kila asubuhi, kwa kila mteja. Pesa za tofauti ya bei zina mahali pengine pa kwenda.

Mwingine atasema kwamba mitaa ya Eastlands haina cyber pekee. Kuna studio za muziki, kuna vijana wanaohariri video za harusi na mazishi, kuna wanaojifunza kuandika programu. Pingamizi hili ni la kweli, na linaipa hoja yangu mpaka wake. Kubadilisha muundo wa video, kubana mafaili, kukusanya msimbo wa programu kubwa: hizi ni kazi zinazogawanyika katika nyuzi nyingi, na kwenye laptopu ya viini viwili Hyper-Threading inaweza kupunguza muda wa kusubiri kwa kiasi kinachoonekana. Mhariri anayetoa video ya saa mbili hatadharau akiba ya dakika 20. Kwake yeye, mashine yenye nyuzi za ziada inafaa kulipiwa, mradi memori na diski zisiwe ndizo zinazomkwamisha. Lakini kazi hizo pia hupasha prosesa joto, na mashine ya miaka kumi yenye feni iliyojaa vumbi na gundi ya joto iliyokauka itajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Hapo faida ya uzi wa pili humezwa na joto. Kusafisha feni na kubadilisha gundi hiyo ni kazi ndogo kwa fundi, nayo itangulie.

Limebaki suala la usalama, ambalo haliwezi kupuuzwa mahali ambapo wageni huketi kwenye mashine moja na kuandika nywila zao. Nyuzi mbili zinazogawana kiini zinagawana pia kumbukumbu yake ya ndani, na uzi mmoja unaweza kupeleleza nyayo za mwenzake. Colin Percival alionyesha mwaka 2005 kwamba njia hiyo ingeweza kufichua ufunguo wa siri. Mwaka 2018 mradi wa OpenBSD uliizima Hyper-Threading kwenye mfumo wake, na Mei 2019, baada ya kufichuliwa kwa udhaifu mpya katika prosesa za Intel, Google iliizima kwenye ChromeOS 74. Je, mwenye cyber naye aizime? Hatari hii ni nzito zaidi kwa seva zinazokodishwa kwa wateja wengi wasiojuana, wanaoendesha programu zao kwa wakati mmoja. Kwenye mashine ya cyber watu hukaa mmoja baada ya mwingine, na mlango ulio wazi zaidi ni mwingine: nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, akaunti zilizoachwa bila kufungwa, na mfumo endeshi usiosasishwa. Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa nyingi za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. Kwa nyingi kati ya mashine hizi, kuhamia Linux inayosasishwa kutawalinda wateja kuliko kuzima uzi wa pili.

Mwenye shaka asikubali maneno ya muuzaji wala ya kitabu hiki kabla ya kupima. Achague kazi moja anayoifanya kila siku, kwa mfano kuwasha mashine hadi ukurasa wa eCitizen ufunguke, au kuhakiki fomu ya Excel iliyojaa. Aipime kwa saa ya simu mara tatu Hyper-Threading ikiwa imewashwa, na mara tatu ikiwa imezimwa. Wakati wa kupima afungue Task Manager na kutazama namba tatu: prosesa, memori na diski. Diski ikiwa kwenye asilimia 100 huku prosesa ikiwa chini, anunue SSD. Memori ikijaa, aongeze RAM. Prosesa ikishika asilimia 100 kwa muda mrefu, kwa kazi nyingi za pamoja, hapo ndipo Hyper-Threading inapostahili sifa zake, na hapo ndipo atakapoona tofauti. Wenye mashine kuukuu wamezoea kuambiwa kwamba kasi imefichwa mahali fulani ndani ya mipangilio, wakiipata watakuwa sawa na wenye mashine mpya. Wanastahili heshima kubwa kuliko hiyo: wastahili kujua mashine yao inasubiri nini, ili shilingi chache walizo nazo ziende pale zitakapofanya kazi.